Mkono wa Kushoto wa Folkert

Folkert Bünting alimng'oa Eike jino la mbele kwa ngumi moja tu, na kwa ngumi hiyohiyo akajing'oa mwenyewe kutoka kwenye bendi aliyoiunda. Chanzo kilikuwa kinanda. Naam, kinanda! Mtu mzima, fundi bomba mwenye gari lake na wateja wake, anamvunja mwenzake meno kwa ajili ya kinanda. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na dada yake Henrike alikuwepo, gita la besi likiwa bado linaning'inia begani, akaliona jino likiruka na kutumbukia kwenye kikombe cha kahawa cha fundi wa studio.

Bendi iliitwa Drachenzoll, yaani ushuru wa joka, na usiniulize ni joka gani lililowahi kulipa ushuru. Walipiga metali ya nguvu, ule muziki wa magita ya umeme yanayonguruma: ngoma mbio, gita mbio zaidi, mwimbaji anapanda juu mpaka mbwa wa Holterfehn, kijiji chao, wanamwitikia. Kila wimbo una upanga, kila wimbo una damu, na mwisho wa wimbo lazima ufalme fulani uteketee. Ukiwaona wenyewe utacheka. Folkert alizibua mabomba ya watu. Eike, mwimbaji, aliuza matrekta. Gerrit mpiga ngoma alifuga ng'ombe wa maziwa, na Henrike aliendesha lori la kukusanya maziwa hayohayo. Watu wa amani, wa kula supu ya njegere Jumamosi na kufagia mbele ya mlango. Damu yote waliiweka kwenye nyimbo, au ndivyo walivyojidanganya.

Siku ya jino walikuwa katikati ya kurekodi albamu. Folkert alikuwa ameshamaliza gita la nyimbo nne, na nyimbo zenyewe ni zake. Eike, ambaye watu wa kampuni ya muziki walikuwa wamemjaza maneno, akasema zilizobaki ziwekewe kinanda na kwaya, ziwe laini kidogo.

"Nikitaka kinanda nitakwenda kanisani," Folkert akasema.

"Acha hizo, bwana. Nyimbo zako zote ni wimbo mmoja. Unabadilisha majoka tu."

Hapo ndipo ngumi ilipokuja. Kisha Folkert akamkamata nywele, zile nywele ndefu alizozitunza utadhani ni za bibi harusi, akamgongesha kichwa kwenye mlango mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kitasa kikadondoka. Gerrit na fundi walimrukia wakashindwa. Ilibidi Henrike amng'ate kaka yake begani ndipo akaachia.

Kesho yake walikutana kwenye zizi la zamani la Gerrit walimokuwa wakifanyia mazoezi. Eike alikuwa na mdomo uliovimba, kila neno likitoka na mluzi kwenye pengo. "Ni yeye au mimi," akasema. Gerrit akasema yeye hapigi ngoma bila Folkert. Basi macho yote yakamgeukia Henrike, na hapo ndipo unapojua kwamba kuna siku heri mtu asingeamka. Mmoja ni mchumba wake, mwingine ni kaka yake aliyemfundisha kushika gita akiwa na miaka tisa. Akanyoosha mkono upande wa Eike.

Folkert aliutazama ule mkono. "Haya, dada," akasema. "Shusha, umeonekana."

Akabeba spika yake mabegani akatoka. Tangu siku ile hakumsemesha tena. Wakipishana barabarani, yeye na gari lake la mabomba, Henrike na lori lake la maziwa, Folkert aliutazama mfereji kana kwamba kuna kitu kinazama mle. Mwaka mzima hivyo, katika kijiji ambacho ukipiga chafya huku, kule wanakutakia afya! Henrike alilia usukani ukalowa. Alimtaka kaka yake, basi. Hakutaka bendi maarufu wala albamu nzuri. Alitaka Folkert asimame kushoto kwake jukwaani kama zamani na kumkanyaga mguu akikosea.

Mahali pake wakamleta Silvan, Mswisi, aliyesomea gita chuoni. Mtu mpole, mwenye shukrani kwa kila kitu, hata kwa kahawa mbaya. Alipewa majuma matatu atunge, ajifunze na arekodi nyimbo tano. Vidole vyake vilikwenda kama cherehani, lakini cherehani haina hasira, na metali bila hasira ni kelele za vijiko. Gerrit, ambaye mwishowe alibaki kwa sababu mpiga ngoma bila bendi ni mtu anayepiga ndoo, alisema hivyo mbele yake bila kupepesa macho. Silvan akamjibu kwamba ni kweli, akaomba kurudia tena.

Eike akafanya kosa jingine juu ya kosa. Aliogopa watu wasije wakasikia mahali albamu ilipounganishwa, akazichanganya nyimbo: wa Folkert, wa Silvan, wa Folkert, wa Silvan. Jamani! Ukisikiliza unapaa, unatumbukia shimoni, unapaa, unatumbukia. Gazeti moja la wapenda metali likaandika kwamba hii ni albamu ya simba, paka, simba, paka. Maneno hayo yakafika Holterfehn kabla ya gazeti lenyewe. Henrike akiingia duka la mkate, mtu nyuma ya foleni anasema "nyau," na watu wanacheka mpaka mwuzaji anashika meza.

Mwezi Machi wakaenda mjini kuizindua. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Folkert, ukumbi ukatulia. Wa pili ulikuwa wa Silvan, na vikombe vikaanza kuruka. "Folkert! Folkert!" watu wakaimba, wakipiga miguu sakafuni. Kisha ikaja kopo la bia, zima, halijafunguliwa, likampata Silvan juu ya jicho. Nyusi ikapasuka. Damu ikamtiririka shavuni, ikashuka kwenye nyuzi za gita, na yule mtu akaendelea kupiga, jicho moja limefumba, nyuzi zikiteleza kwa damu yake mwenyewe. Njemba moja yenye tumbo ikapanda jukwaani ikamtemea mate usoni.

Gerrit akaruka juu ya ngoma zake akamshukia yule mtu na fimbo zote mbili. Alimpiga kichwani kwa mapigo yaleyale ya wimbo, mfululizo, mpaka fimbo moja ikakatika. Wenzake na yule mtu wakapanda. Eike akatembeza chuma cha maikrofoni, mmoja akaenda chini ameshika goti. Henrike alimpiga mwingine teke la tumbo kwa buti la kazini, na nikuambie ukweli, alifurahi. Mwaka mzima alikuwa akitafuta mtu wa kumpiga.

Waliporudi kwenye gari kutoka hospitali, wamechanika nguo na wananuka bia, Silvan aliyeshonwa nyusi ndiye aliyesema kwanza.

"Mrudisheni."

"Huyu kapigwa kichwani," Gerrit akasema.

"Ndiyo, na nimezibuka. Zile nyimbo zake nne nazisikiliza nyumbani kila siku. Yule mtu anapiga kana kwamba anabomoa nyumba yake mwenyewe. Mimi siwezi hivyo. Lakini naweza kusimama pembeni yake na kuzijaza nafasi anazoacha. Magita mawili. Mrudisheni, nawaomba."

Henrike alimwangalia yule Mswisi na plasta yake, akatamani kumbusu. Eike alinuna Machi, akanuna Aprili na Mei. Arusi yao ilikuwa Juni, Jumamosi. Jumatatu ya juma lilelile, akiwa anakunywa chai na jino lake la bandia, akakubali ghafla.

"Haya, arudi. Lakini wewe ndiye utakayemwambia. Mimi meno yaliyobaki nayahitaji."

"Atakuja Ijumaa," Henrike akasema. "Nitamwambia Ijumaa."

Ijumaa ni siku ya kuvunja vyombo, mkesha wa arusi, na siku hiyo hapaitwi mtu. Anayesikia huja. Unakuja na sahani zako za zamani, vikombe vilivyopoteza mikono, masinki, unavipasua mbele ya mlango wa bibi harusi, na bibi na bwana wanafagia wenyewe huku mnawamwagia vingine. Vigae vikizidi, heri imezidi. Na asiyetakiwa akija, hafukuzwi. Hata ungekuwa umemshitaki mahakamani, siku hiyo unampa bia. Henrike aliweka tumaini lake lote hapo. Kama Folkert ana chembe ya moyo, atakuja. Na asipokuja, basi yamekwisha, amempoteza.

Jua la Juni huko halina haraka ya kutua. Mchana ulikuwa bado mweupe, soseji ziko motoni, nusu ya kijiji iko uani na viglasi vya Korn, pombe kali ya nafaka, mkononi, na Henrike na Eike wameshalowa jasho kwa kusukuma vigae kwa masepetu, lilipoingia gari la mabomba, linarudi kinyumenyume, limefunga tela nyuma. Kwenye tela kulikuwa na vyoo. Vyoo vya kauri, vyeupe, vya kijani, cha waridi kimoja, vimepangwa mpaka juu, na masinki, na matangi ya maji.

Folkert akashuka, akafuta mikono kwenye suruali. "Nimesikia hapa kuna mtu anahitaji choo."

Uani watu wakaangua kicheko. Henrike alitaka kucheka, akalia.

"Umevitoa wapi vyote hivi?"

"Kwa wateja. Nimekuwa nikiviweka tangu mwaka jana." Akakwepa macho yake, akashika choo cha waridi. "Bibi harusi asogee, joka linashuka!"

Mwaka jana! Yaani mwaka uleule aliokuwa akiutazama mfereji, alikuwa akimwekea dada yake vyoo vya heri. Henrike alisogea kando na sepetu lake. Choo kikapasuka mlangoni kwa kishindo, vipande vikaruka mpaka kwenye maua ya mama yao, Mama Almut, ambaye siku nyingine angepiga kelele na leo alipiga makofi. Kikafuata cha kijani. Folkert alivirusha kimoja kimoja kwa mikono miwili juu ya kichwa, jasho linamtoka, na kila kikianguka ua mzima unanguruma.

Alipopumzika akamwendea Eike.

"Shemeji. Jino linakaa vizuri?"

"Linakaa."

"Zuri kuliko lile la kwanza. Lile lilikuwa la njano."

Eike akacheka kwanza yeye mwenyewe, na Gerrit akawatia kila mmoja Korn. Nakuambia, ungelikata shauri hapohapo kwamba dunia imepona. Henrike akamshika kaka yake kiwiko.

"Nina neno na wewe. Neno zuri. Ngoja nimalize rundo hili, maana watu wamesimama mlangoni."

"Maliza, nipo."

Na ngoja ngoja, wahenga walishasema, huumiza matumbo. Hakuna kilichomzuia kusema pale pale. Maneno yenyewe mawili: rudi, kaka. Lakini alitaka kulisema vizuri, kando, bila Gerrit kupiga kelele, na kwa kweli alikuwa akiionja furaha ile kidogokidogo, kama mtu mwenye njaa ambaye hataki sahani iishe. Akainama akaendelea kuzoa.

Silvan akaingia akiwa amechelewa, amevaa shati jeupe, amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa shuka. Kwao Uswisi mkesha wa arusi ni kulewa na marafiki tu. Hawavunji hata kisahani. Alikuwa amemwuliza Eike alete nini, na Eike, kwa uvivu wake, akamjibu: "Lete chochote kinachovunjika." Basi yule mtu, ili asionekane bahili, alizunguka masoko ya vitu vya zamani mpaka akapata. Akavua shuka. Kilikuwa kioo cha kujitazamia, kirefu kama mtu, chenye fremu ya dhahabu.

"Silvan, hapana!" Gerrit akapaza sauti.

Mswisi akadhani wanamshangilia. Akakinyanyua juu ya kichwa, uso umemeremeta kwa furaha, akakipiga chini kwenye kizingiti kwa nguvu zake zote.

Wala si mlio wa kauri. Kauri hulia kwa kishindo. Kile kililia kwa ukali, kikatawanyika uani kote. Hakuna aliyeshangilia. Mama Almut alijiziba mdomo. Udongo na kauri huleta heri, hilo mtoto wa miaka mitatu analijua, lakini kioo kwenye mlango wa bibi harusi ni kuivunja ndoa yenyewe. Mama huyo alikuwa na shangazi aliyevunjiwa bilauri moja tu mkesha wa arusi yake, akazika mume kabla ya Krismasi, na kisa hicho Folkert na Henrike walikua wakikisikia mezani.

Silvan akainama kidogo, kama jukwaani. "Heri nyingi!" akasema.

Folkert aliweka kiglasi chake chini. Akamtazama yule mgeni, lafudhi yake, kovu la nyusi, vidole vyembamba.

"Wewe ndiye Mswisi."

"Ndiye! Na wewe Folkert! Nimetaka sana kuonana..."

Folkert akampiga kichwa cha uso. Pua ilivunjika kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye soseji. Silvan akaenda chali kwenye rundo la vigae, na kabla hajajua yuko wapi, Folkert alikuwa juu yake na magoti, akimtwanga ngumi, na kila ngumi ikiwa na maneno yake.

"Nafasi yangu umekalia! Nyimbo zangu umezizungushia uchafu! Sasa na ndoa ya dada yangu? Na ndoa ya dada yangu?"

"Hakujua, kaka! Hajui mila yetu!" Henrike akapiga kelele.

Hakusikia. Yule mtu wa vyoo na mizaha alikuwa ameondoka, hasira ya mwaka mzima imefika na imekuta mlango wazi. Eike akamkamata shingo kwa nyuma, akapata kiwiko cha kinywa, likaenda jino la bandia na jirani yake. Gerrit akamrukia, Folkert akamtupa juu ya tela. Wanaume wengine wawili walisogea wakateleza kwenye vigae wakaanguka, mmoja kigae kimemwingia kiganjani, analia. Silvan alikuwa akijikunja chini, shati jeupe limekuwa jekundu mgongoni, maana kila alivyojitahidi kujinasua ndivyo kauri na kioo vilivyomkata. Hakurudisha hata pigo moja. Alikuwa ameikunja mikono yake chini ya makwapa, kuificha. Mpiga gita huyo.

Kisha Folkert akamkaba. Mkono wa kulia ukazama kooni, uso wa Silvan ukawa na rangi ambayo Henrike hakuwahi kuiona kwa mtu, miguu ikipiga ardhi. Na mkono wa kushoto ukapapasa pembeni ukapata kifuniko cha tangi la choo, kauri nzito, nene, ukakinyanyua juu.

Henrike alikuwa amesimama nyuma yao na sepetu mikononi. Aliona kichwa cha Silvan na aliona kile kifuniko, na kwamba vikikutana hakuna arusi, hakuna bendi wala kaka. Kuna maiti mlangoni na jela. Hakufikiri zaidi ya hapo. Akalizungusha sepetu kwa nyonga na mgongo, kama alivyozoa theluji na kila kitu maisha yake yote, akaupiga mkono uliokuwa juu.

Ubavu wa sepetu ulivibana vidole kwenye kauri. Kifuniko kikapasuka vipande viwili. Folkert hakupiga kelele. Aliachia koo la Silvan, akaushusha mkono wake wa kushoto mbele ya uso, akautazama. Kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimebaki kwa ngozi. Damu ilikuja baadaye kidogo, halafu ikaja yote.

"Oo," akasema tu.

Wakawaingiza jikoni kwa Mama Almut, wote wawili, maana huwezi kuwaacha uani wakikaukia juani. Folkert akaketi kwenye benchi, mama yake ameufunga mkono kwa taulo na kuuinua juu, taulo limelowa la kwanza, limelowa la pili. Ng'ambo ya meza Silvan alikaa ameegemeza kifua kwenye mgongo wa kiti, pua imekaa upande, alama za vidole vitano shingoni, na Gerrit anamchomoa vigae mgongoni kimoja kimoja, anavidondosha kwenye bakuli la saladi. Eike alikuwa kwenye sinki anatema damu. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Folkert ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Henrike. Lile neno lako zuri."

Henrike angesema nini? Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Bila vidole vile viwili, gita ni ubao. Akajikaza, akadanganya.

"Nilitaka kukuomba unishike mkono kesho, uniingize kanisani. Baba hayupo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Sivyo," Silvan akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzwa, inatoka kwa shida. Masikini, alidhani anasaidia. Hakuwa anaona vizuri, macho yamevimba, hakujua ni mkono gani umo kwenye taulo. "Mwambie. Tulikubaliana. Urudi kwenye bendi, Folkert. Wewe na mimi, magita mawili. Nimeomba tangu Machi."

Kijiko kilikuwa kikigongwa na maji ya bomba kwenye sinki, Eike akakizuia kwa kiganja.

"Ni kweli?" Folkert akamwuliza dada yake.

"Ni kweli."

"Eike amekubali?"

"Jumatatu," Eike akasema bila kugeuka.

Folkert akatikisa kichwa polepole, akihesabu kitu ambacho wengine hawakukiona. "Kwa hiyo nilipokuwa napakua vyoo, ulikuwa nalo mdomoni."

"Nilitaka nikuambie vizuri," Henrike akasema, na machozi yakamtoka bila aibu. "Nilitaka tuwe wawili tu. Nisamehe, kaka. Ningejua, haki ya Mungu ningelipiga kelele ulipokuwa bado kwenye gari."

Hakumkasirikia, na hilo ndilo lililomtisha. Hasira yote aliyokuwa nayo duniani ilikuwa imemtoka pamoja na damu.

"Ulikuwa nyuma yangu," akasema. "Kichwa kilikuwa wazi. Mgongo wazi, mbavu wazi. Na wewe ukachagua mkono huu."

"Ulishika kifuniko. Ungemwua."

"Ungenipiga kichwani."

"Kwa sepetu? Ningekuua wewe!"

"Ndiyo," Folkert akasema.

Mama Almut alimpiga kofi la bega kwa kusema hivyo, kisha akamkumbatia kichwa akakificha tumboni mwake, kama alivyokuwa akimfanyia akiwa mdogo. Nje magurudumu ya gari la wagonjwa yakaingia uani yakiponda vigae na kioo. Folkert akasimama mwenyewe, akakataa machela, akatembea. Henrike akamfuata mpaka mlango wa gari, akaweka mguu kwenye ngazi apande naye. Folkert akanyoosha mkono mzima uliobaki akamzuia kifuani, wala si kwa nguvu, kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara. Kisha akamwita mama yao, na Mama Almut ndiye aliyepanda.